Hendrix na wanajeshi kwenye ukuta mmoja

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, ni fundi simu. Muziki wangu ni rock: Jimi Hendrix kwanza, halafu Iron Maiden, Motörhead na Sabaton. Vilevile napenda mno habari za mashujaa wa vita. Chumbani nimebandika picha ya Hendrix, na pembeni yake Carton de Wiart na Lauri Törni, ambao niliwafahamu kupitia nyimbo za Sabaton. Rafiki yangu ananicheka. Anasema huwezi kumpenda Hendrix aliyepinga vita, halafu papo hapo ukawatukuza watu wa bunduki. Baba yake bibi yangu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), alipelekwa Bama (Burma, leo Myanmar), na bibi bado anaimba wimbo aliorudi nao. Je, rafiki yangu yuko sahihi? Na nitamjuaje shujaa wa kweli?"

Marahaba, mdogo wangu. Rafiki yako amekosea jambo la msingi, na huenda hata wewe hujalijua: huyo Hendrix uliyembandika alikuwa askari. Alifunga mwavuli mgongoni akaruka kutoka kwenye ndege, tena zaidi ya mara moja.

Mei 1961 polisi wa Seattle walimkamata mara mbili ndani ya magari ya wizi. Alikuwa na miaka 18. Ikawa ama jela ama jeshi, naye akachagua jeshi. Tarehe 31 Mei alitia sahihi ya kutumikia miaka mitatu, akapelekwa Fort Ord huko California kwa mafunzo ya awali, na Novemba akaripoti Fort Campbell, mpakani mwa Kentucky na Tennessee, kwenye Divisheni ya 101 ya askari wa miavuli. Beji ya divisheni hiyo ina kichwa cha tai anayepiga ukelele, na huipati mpaka umeitolea jasho. Yeye aliipata Januari 1962. Ukisoma barua alizomwandikia baba yake siku zile unamwona kijana anayetaka kuilinda heshima ya jina la ukoo wake. Ndiyo maana huwa nasikitika mtu akimwelezea kama mhuni aliyeikebehi sare tangu siku ya kwanza.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa ukarani wa bohari, na mawazo yake hayakuwa bohari. Alimwomba baba yake amtumie gitaa lake kutoka nyumbani, akawa halali bila hilo gitaa. Siku moja mvua ilinyesha kambini, na askari mwenzake, Billy Cox, akajibanza nje ya ukumbi wa burudani wa askari. Kupitia dirishani alisikia gitaa likipigwa kwa namna ambayo hajawahi kuisikia. Aliingia, akajitambulisha kwamba yeye hupiga besi, akaazima besi pale pale, wakaanza. Urafiki ule haukuisha mpaka Hendrix alipofariki London, tarehe 18 Septemba 1970, akiwa na miaka 27. Ningekuwa na uwezo wa kurudi nyuma na kusimama mahali pamoja tu katika historia ya muziki huu, ningesimama kwenye kibaraza kile penye mvua.

Jeshini hakudumu. Wakubwa wake walilalamika kwamba anasinzia kazini na anahitaji kusimamiwa muda wote, na mmoja wao aliandika kuwa akili yake haiwezi kufanya kazi huku ikiwaza gitaa. Mwishoni mwa Juni 1962 akaruhusiwa kuondoka kwa heshima, akiwa hajafanya kazi ya vita hata siku moja. Baadaye alikuwa akisimulia kwamba alivunjika kifundo cha mguu aliporuka mara ya 26. Mafaili ya jeshi yanasema alionekana hafai kwa kazi ile. Nakueleza hili kwa sababu ukianza kupenda mashujaa lazima uzoee jambo moja mapema: simulizi aliyoitoa mtu mwenyewe na karatasi iliyobaki ofisini mara nyingi hazilingani, na zote mbili uzisome.

Sasa sikiliza kilichotokea miaka saba baadaye. Alipofika Ulaya mara ya kwanza, Hendrix alikuwa bado anawatetea Wamarekani walioko Vietnam pale alipohojiwa. Mawazo yalibadilika polepole. Usiku wa tarehe 1 Januari 1970, katika ukumbi wa Fillmore East jijini New York, alipanda jukwaani na Buddy Miles kwenye drams na yule yule Billy Cox kwenye besi. Askari wawili wa zamani wa Fort Campbell, kando kwa kando. Walipiga wimbo uitwao Machine Gun, yaani bunduki ya rasharasha, wenye zaidi ya dakika 12. Kabla ya kuanza, Hendrix aliutoa kama zawadi kwa askari wote wanaopigana Chicago, Milwaukee na New York, halafu akaongeza na wale wa Vietnam. Alikuwa anasema vita viko mitaani kwao pia, ambako polisi na vijana weusi walikuwa wakipambana.

Usikilize kwa spika za masikioni, usiku, taa ukiwa umeizima. Drams zinarindima kama risasi zinazotoka kwa mfululizo, zinanyamaza, zinarindima tena. Kisha gitaa linapanda sauti moja ndefu ambayo haishuki, inayokaa juu kama king'ora au kama mama anayelia, na wala huwezi kuamua ni kipi kati ya hivyo viwili. Maneno ni ya mtu aliye mbele ya mtutu, na humo ndani anamwambia adui yake kwamba waovu ndio waliowafikisha wote wawili mahali pa kuuana. Hakuna tusi hata moja kwa askari. Kijana aliyepokea beji ya tai hangeweza kuwatukana wenzake, akijua wamelala wapi na wanakula nini. Rafiki yako akiusikiliza vizuri wimbo huo, ataona kwamba kupinga vita na kumheshimu askari vimekaa ndani ya kifua kimoja bila kugombana. Kwa hiyo picha ya Hendrix haina ugomvi na wanajeshi. Ugomvi, kama upo, ni na wale wawili uliowachagua. Hapo nina maneno.

Carton de Wiart, ofisa wa jeshi la Uingereza, namwelewa. Mtu aliyepoteza jicho mwaka 1914, akapoteza mkono wa kushoto mwaka 1915, kisha Julai 1916 akapata Victoria Cross, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza, kule La Boisselle, Ufaransa, akiongoza mapigano huku aking'oa pini za mabomu ya mkono kwa meno, hawezi kuacha kumvutia kijana. Sabaton, bendi ya Waswidi, wamemwimba kama askari asiyeuawa. Lakini jicho lile alilipotezea wapi? Siyo Ufaransa. Alilipotezea Shimber Berris, Somalia ya Waingereza, akiwa na kikosi cha ngamia, akishambulia ngome za Madarwishi, wapiganaji wa Kisomali wa Sayyid Muhammad Abdullah Hassan. Wale waliokuwa ndani ya ngome ile walikuwa kwao. Yeye, mzaliwa wa Brussels, ndiye aliyefunga safari.

Na huyo Sayyid, ambaye magazeti ya Uingereza yalimwita mullah mwendawazimu, alikuwa mmoja wa washairi wakubwa kabisa ambao lugha ya Kisomali imewahi kuwapata. Agosti 1913, mwaka mmoja kabla ya jicho la Carton de Wiart, wapiganaji wake walimuua mkuu wa kikosi cha ngamia, Richard Corfield, pale Dul Madoba. Sayyid akatunga shairi akimtuma Corfield huko ahera akawaeleze wakazi wa motoni jinsi alivyokufa, hatua kwa hatua, mpaka fisi walivyomvuta. Ni shairi kali, linatisha, na Wasomali walilibeba kwa kichwa na mdomo. Miaka zaidi ya 100 kabla Mswidi yeyote hajapiga gitaa kwa ajili ya Carton de Wiart, upande wa pili ulishakuwa na wimbo wake kuhusu vita hivyo hivyo. Simtakasi Sayyid. Aliwaua na kuwapora Wasomali wenzake wengi, na alikufa mwaka 1920 baada ya ndege za Waingereza kumtimua kwenye ngome yake ya Taleh. Ninachokuomba ni kwamba kila unapopata wimbo wa shujaa, ulizia upande wa pili waliimba nini siku ile. Karibu kila mara waliimba kitu.

Törni ni habari nyingine. Alikuwa jasiri, hilo halina mjadala, na Finland ilimpa Msalaba wa Mannerheim mwaka 1944 kwa kupigana na Wasovieti. Lakini alivaa pia sare ya SS, jeshi la chama cha Hitler, mwaka 1941 na tena mwanzoni mwa 1945, wakati ambapo hakuna mtu mzima Ulaya angeweza kusema hajui SS ni nani. Baadaye akahamia Marekani, akawa Larry Thorne wa vikosi maalumu, akafa katika ajali ya helikopta Vietnam Oktoba 1965. Watetezi wake husema alikuwa anapigana na ukomunisti tu, haijalishi kwa sare gani. Kwangu inajalisha. Ujasiri ni nguvu ya mwilini na moyoni, na mtu anaweza kuuazimisha kwa kazi yoyote. Msome, usikilize wimbo wake, uelewe jinsi nchi ndogo iliyobanwa na jirani mkubwa inavyoweza kumfikisha mtu pabaya. Ukutani kwangu nisingemweka.

Ajabu ni kwamba kwenye albamu ile ile ya Sabaton yenye wimbo wa Törni, ya mwaka 2014, iitwayo Heroes, yumo mtu ambaye ningemweka mara moja, na wewe hukumtaja. Anaitwa Franz Stigler, rubani Mjerumani. Tarehe 20 Desemba 1943 ndege ya mabomu ya Wamarekani, B-17, iliyorushwa na kijana wa miaka 21 aitwaye Charlie Brown, ilikuwa inajikokota kurudi Uingereza baada ya kushambulia Bremen. Kioo cha puani kimevunjika, injini nyingine zimezimika au zinakohoa, mpiga bunduki wa mkiani amekufa. Stigler alikuwa chini akijaza mafuta na risasi. Aliiona ikipita, akaruka kuifuata. Ingekuwa rahisi kuimaliza.

Alipoikaribia kwa nyuma, bunduki ya mkiani haikumwelekea. Akasogea zaidi, na kupitia matundu ya ubavuni akawaona watu: mmoja amelala, wengine wameinama juu yake wanamfunga jeraha. Mkubwa wake wa zamani, Gustav Rödel, alikuwa amewaambia marubani wake kwamba atakayempiga risasi adui anayening'inia kwenye mwavuli, yeye mwenyewe atampiga. Stigler aliona kwamba watu hawa ni sawasawa na watu waliokwisha kuruka na mwavuli. Hakufyatua. Aliruka bawa kwa bawa nao mpaka juu ya bahari, akapiga saluti, akageuza. Angejulikana angepigwa risasi na serikali yake, hivyo akafunga mdomo. Charlie Brown naye akaambiwa na wakubwa wake anyamaze. Walikuja kuonana mwaka 1990, baada ya Brown kumtafuta kwa miaka kadhaa. Stigler alikuwa amehamia Kanada. Wakawa kama ndugu, na wote wawili walifariki mwaka mmoja, 2008.

Naupenda wimbo huo wa Sabaton kuliko wote walioimba, na kelele zake za kawaida zipo, kwaya ipo, lakini tukio lenyewe ni dakika chache ambazo hakuna risasi iliyotoka. Umeuliza shujaa wa kweli anajulikanaje. Mimi huangalia ile nukta ambapo mtu alikuwa na njia mbili, na njia rahisi ilikuwa salama kwake, akachukua ile nyingine. Hesabu ya aliowaua hainiambii kitu kuhusu hilo. Ndani ya albamu hiyo hiyo yumo Witold Pilecki, ofisa wa Poland, aliyejiingiza kwa makusudi kwenye msako wa Wajerumani mjini Warsaw Septemba 1940 ili apelekwe Auschwitz, kambi yao ya mateso. Akapewa namba 4859, akaunda mtandao wa siri humo ndani, akatoa taarifa nje, akatoroka Aprili 1943. Serikali ya kikomunisti ya nchi yake mwenyewe ikamnyonga au kumpiga risasi? Ilimpiga risasi, Mei 1948, na jina lake likazikwa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980. Nimeandika swali hilo hivyo kwa sababu wanafunzi wangu kila mara hudhani alinyongwa na Wajerumani. Wimbo ndio uliowafanya wengi wao wamtafute, na kwa hilo nawashukuru sana Sabaton.

Wamo pia wale marubani wanawake wa Kisovieti wa kikosi cha 588, ambao Wajerumani waliwaita wachawi wa usiku. Ndege zao zilikuwa za mbao na turubai. Walipokaribia shabaha walipunguza injini na kuteleza kimyakimya, adui akasikia upepo tu kwenye mabawa. Ukuta wako wote ni wanaume. Nafasi ipo.

Kuhusu Iron Maiden na Motörhead nitakuwa mfupi, kwa kuwa nadhani huko masikio yako yamekwisha kukuongoza vizuri. Ule wimbo wa Iron Maiden wa mwaka 1983 kuhusu askari mpanda farasi wa Kiingereza kwenye mapigano ya Balaclava, Crimea, Oktoba 1854, huchezwa kama wa ushindi, watu wanapunga bendera, lakini fuatilia maneno: anayeimba anakufa, peke yake, na hakuna wa kumlilia. Lemmy, mwimbaji wa Motörhead, naye mwaka 1991 alifanya jambo ambalo mashabiki wake hawakulitarajia. Aliweka kando gitaa lote, akaimba kwa sauti yake ile iliyokwaruzwa juu ya selo na kinanda, kisa cha mvulana aliyedanganya umri ili apelekwe vitani mwaka 1916. Siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, tarehe 1 Julai mwaka huo, Waingereza walipoteza zaidi ya watu 19,000 waliokufa. Siku moja tu. Lemmy hakai sana kwenye idadi. Anamshika mvulana mmoja na rafiki yake, basi.

Wimbo huo hunirudisha kwenye mchakamchaka wa shule ya msingi. Alfajiri tulikimbia tukiimba wa Idi Amin kutupwa Kagera awe chakula cha mamba, tukicheka, vumbi miguuni. Mwalimu wetu mmoja alikuwa amepigana vita vile vya 1978 na 1979. Alikimbia nasi kila siku na nyimbo nyingine zote aliitikia. Ukifika huo, alinyamaza, akaendelea kukimbia akitazama mbele. Hatukumuuliza. Leo ningetoa chochote nirudi nimuulize.

Nimeliacha jambo la bibi yako mwishoni kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika, nawe umeliweka kwenye sentensi moja. Kuna watu wanaodhani muziki na jeshi vilikutana Marekani. Sabaton wamewaimba askari weusi wa New York wa kikosi cha 369, na hao walikwenda Ufaransa na bendi ya James Reese Europe, ofisa aliyepigana kwenye mahandaki na aliyetunga wimbo kuhusu doria akiwa hospitali baada ya kuvuta gesi ya sumu. Lakini miaka ile ile, kwetu, ngoma ya beni iliyoanzia miji ya pwani ikiiga bendi za jeshi, pamoja na vyeo vyake na gwaride lake, ilikuwa inasambazwa bara na askari na wapagazi wa vita, vikundi vyake viwili vikishindana, Arinoti upande huu na Marini upande ule. Na vita vya pili vilipokuja, KAR ilikuwa na kikosi cha burudani, na humo alipigia gitaa Fundi Konde wa pwani ya Kenya, kabla ya sisi wote kumjua kwa nyimbo za mapenzi. Gitaa la Afrika Mashariki limevaa sare kabla ya lile la Hendrix.

Nairobi kuna sanamu ya askari yenye maandishi yanayowasifu wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na kuahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Majina yao hayakuandikwa pale. Lako unalo. Baba yake bibi, ikiwa alifika Bama mwaka 1944, inaelekea alikuwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa hadi mto Chindwin, matope mpaka magotini, malaria kila hema. Hakuna bendi ya Ulaya iliyowaimba hao. Wimbo wao unaimbwa jikoni kwa bibi yako.

Kwa hiyo jioni hii nenda kwake na simu yako. Wewe ni fundi, unajua kuchagua yenye maikrofoni nzuri. Iweke kwenye meza yenye kitambaa ili isitetemeke, mbali na feni. Mwache aimbe wote mara mbili bila kumkatiza, hata akirudia au akisahau. Maswali yaje baadaye: wimbo ulikuwa wa kutembea au wa kulala, aliuimba wakati gani nyumbani, kuna maneno ambayo hata yeye hayaelewi? Hayo ya mwisho yaandike kama yanavyosikika, usiyasahihishe, kwa sababu yanaweza kuwa Kinyanja au Kihindi cha kambini, nayo ndiyo yatakayotuonyesha alikaa na nani. Ulizia kama ipo picha, nishani au kitabu cha malipo ndani ya sanduku. Ukiupata wimbo, niandikie tena.